Dawa Ambayo Mama Hakuiacha

Mpaka leo nikifungua kopo la mdalasini nalifunga tena kabla hata sijafikiria chai. Wajukuu wananicheka, eti bibi anaogopa kiungo. Nawaacha wacheke. Sukari ninayo mimi mwenyewe sasa, vidonge nameza, na uwatu naloweka kila siku kama wenzangu wengi wa umri huu. Viungo sina ugomvi navyo. Ninachokiogopa ni neno moja tu, na nilipoanza kuliogopa nilikuwa mwalimu kijana pale Buhembe, ninayejiona kwamba maneno yote nayajua.

Nchi ilikuwa bado ya Mwingereza. Mama alikuja kwangu kutoka Muleba amekonda mpaka gauni linamzunguka mwilini. Alikuwa akinywa maji, akitoka nje kujisaidia, akirudi na kunywa tena, na pale alipokuwa akijisaidia, pembeni mwa kibanja changu chini ya migomba, sisimizi walikuwa wamejipanga kama wameitiwa sherehe. Jirani alipowaona aliniambia nisikae, nimpeleke hospitali mjini Bukoba kesho yake.

Daktari alikuwa Mzungu mrefu, mpole, asiyejua Kihaya kabisa na Kiswahili chake kikiwa cha kuombea chakula. Muuguzi alikuwapo wa kutafsiri. Mimi nikamwambia akae, nitatafsiri mwenyewe. Nilikuwa najivunia Kiingereza changu, na nilitaka mama aone ada ya shule haikupotea bure.

Daktari akasema sukari imezidi katika damu ya mama. Akasema itabidi achomwe sindano kila siku, maisha yake yote, na akiacha atakufa. Nilimsikia vizuri sana. Lakini mama alikuwa ananitazama usoni, amekunja mikono mapajani kama mtoto anayengoja matokeo ya mtihani, na mimi nikaogopa. Sikuweza kumtamkia mama yangu neno kufa, wala ile maisha yote. Nikamwambia kwa Kihaya, "Mae, *omubazi* huu usiuache hata siku moja."

*Omubazi* ni dawa. Ni dawa ya kunywa, ya kupaka, ya kufukiza, dawa ya namna yoyote. Nilidhani nimetafsiri, tena kwa upole.

Miezi miwili alikaa kwangu. Kila asubuhi nilichemsha bomba la sindano, lile la kioo, nikavuta dawa kwenye kichupa na kumchoma pajani. Mashavu yakaanza kurudi. Akaanza hata kunisema kwamba migomba yangu nimeiacha inanyongwa na majani.

Siku moja tukaingia dukani kwa Mhindi kutafuta kitambaa. Mke wa mwenye duka alimwona mama anavyokataa chai ya sukari waliyotukaribisha, akauliza, na alipoambiwa akapiga makofi. Kumbe na yeye ni mgonjwa wa sukari, miaka mingi.

"Mama, mimi napa wewe dawa zuri sana," akasema, akifungua makopo. "Hii uwatu. Loweka usiku, asubuhi kunywa maji yake, tafuna mbegu. Hii mdalasini, tia katika chai, lakini sukari hapana."

Nikamgeukia mama nikatafsiri. Nilisema *omubazi*. Ningesema nini kingine? Sisi nyumbani tulipika ndizi, maharage na samaki, tukatia chumvi tukala. Kitu kichungu cha kununua kwenye kikaratasi, chenye harufu inayofika kabla yake, hakikuwa na jina jingine. Wenye maduka wenyewe waliviita dawa ya chai, dawa ya mchuzi. Yule mama wa Kihindi alikuwa bado anaongea. Alikunja mkono wa nguo yake akatuonyesha alama za sindano, akasema sindano iko pale pale, hivi vingine ni rafiki zake tu. Hayo nayo niliyasikia. Sikuyatafsiri, kwa sababu nilikuwa nimeshika kitambaa cha maua ya samawati na ninajipima nacho begani.

Mama akarudi Muleba na vichupa sita, bomba la sindano lililofungwa kwenye leso safi, na makopo mawili ya viungo. Nilikuwa nimemwita mke wa kaka yangu aje Buhembe nimfundishe kuchoma, na alijifunza upesi, mikono yake imetulia kuliko yangu. Wakati wa kuagana nikamshika mama mabega nikarudia maneno yangu yale yale. Akaniambia nisimfanye mtoto, amesikia.

Baada ya wiki mbili barua ya kaka ikaja. Aliandika kwamba wote ni wazima, mvua ni nzuri, na mama dawa anakunywa bila kukosa. Niliisoma nimekaa na madaftari ya watoto, kalamu nyekundu mkononi. Siku hiyo hiyo nilikuwa nimemkata mtoto maksi kwa kuandika "kunywa ugali". Dawa anakunywa! Neno hilo nililipita kama mtu anayepita mlango wa nyumba yake.

Shule zilipofungwa nikaenda Muleba. Ilikuwa wiki ya tano tangu mama aondoke kwangu. Kaka alinipokea nje, na uso wake ulinitisha kabla hajafungua mdomo.

"Usiingie na furaha," akasema. "Mama amerudi kwenye rubisi."

"Mama yupi?"

"Wako. Anayumba, anatapika, analala mchana. Na harufu anayo, hata usibishe. Wazee wa kanisa wamekuja, wameinusa wenyewe. Wamemzuia meza ya Bwana."

Mama yangu, tangu abatizwe, alikuwa hata kwenye arusi akipewa kibuyu cha pombe hiyo ya ndizi anakipitisha kwa jirani bila kukitazama. Niliingia ndani nikiwa na hasira, na hasira hiyo ikaniishia mlangoni. Harufu ilikuwapo. Ilikuwa ile ya ndizi zilizovundikwa, siku ile shimo linapofunuliwa na utamu unakupanda puani. Mama alikuwa amelala ubavu kwenye mkeka, macho nusu, anapumua kwa nguvu na kwa haraka kama mtu aliyepanda mlima na mzigo, wakati hajasogea popote. Na nitasema ukweli, kwa kuwa nimeamua kuusema: kwa muda mfupi mimi pia niliamini kwamba amelewa. Nilimwonea aibu.

Kisha akaomba maji. Alikunywa kata nzima, akainyoosha tena, akanywa ya pili, na ya tatu akaitapika. Nikakumbuka sisimizi wa Buhembe. Nikakaa sakafuni karibu naye.

"Mae, *omubazi*?"

"Sijauacha," akasema. Ulimi ulikuwa mkavu, unagonga. "Hata siku moja."

Akanyoosha kidole. Rafuni palikuwa na kopo la mdalasini, karibu tupu, na kikombe chenye mbegu za uwatu zilizolowekwa.

Nilikimbilia kwenye kona ya nyumba, kwenye chungu cha maji nilikomwagiza aweke vichupa visipate joto. Vyote sita vilikuwamo. Nikavigeuza kimoja kimoja. Vifuniko havikuwa vimeguswa.

Nilimfokea wifi yangu kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Yeye naye alikuwa analia. Alisema kila asubuhi ya wiki ya kwanza alichemsha bomba, na kila asubuhi mama alimkataza. Mama alisema sindano zinamaliza ugonjwa mkubwa, kama zile walizochomwa watu wakapona buba, na yeye zake amekwisha kuchomwa Buhembe miezi miwili, ugonjwa mkubwa umeisha. Hizi zilizobaki zitunzwe, ukirudi zitumike. "Alisema wewe umemwambia *omubazi* ndio usiachwe," wifi akasema. "Na *omubazi* amekunywa, mimi shahidi. Alikuwa anakunywa hata akitapika."

Hapo ndipo nilipoelewa, na sijawahi kuogopa vile tena, hata siku ya kuzaa. Nilichemsha bomba. Niliegemeza viwiko kwenye meza, nikavuta dawa. Nilimchoma kiasi kile nilichokuwa nikimchoma Buhembe, nikijua kwamba sijui kama ni kingi au ni kidogo au nimechelewa. Kaka alikimbia barabarani, akalisimamisha lori la kahawa linaloenda mjini, na tukampandisha mama juu ya magunia.

Njia ile sitaisahau. Kichwa chake kilikuwa mapajani pangu na harufu ile tamu ikinijia usoni kila akitoa pumzi. Pumzi ikiwa na kishindo niliogopa, ikipungua niliogopa zaidi. Kaka alikaa upande wa pili ameshika miguu ya mama, na sikumbuki kama tulisemezana. Niliomba. Nilimwahidi Mungu vitu vingi ambavyo baadaye sikumpa.

Hospitali walimpokea mbio. Nilisimama mlangoni nikamwona muuguzi akichemsha mkojo wa mama kidogo katika ile dawa ya samawati ya kupimia sukari, na dawa ikageuka rangi mbele ya macho yangu, kijani, njano, mpaka ikawa nyekundu ya tofali. Akaitazama, akanitazama mimi, akafunga mlango.

Siku tatu mama hakufungua macho. Wazee wawili wa kanisa walifika kutoka Muleba siku ya pili, kaka alikuwa amewapelekea habari, na mimi niliwatolea uvivu pale pale barazani. Niliwauliza ni nani aliyewafundisha kumhukumu mtu kwa pua. Niliwaambia harufu ile ni ya ugonjwa, si ya pombe, na kwamba wamemzuia meza ya Bwana mwanamke anayekufa. Walivua kofia, wakaomba radhi, na mmoja alitokwa na machozi. Nilijisikia vizuri kidogo, mwenye haki, kwa saa moja hivi.

Siku ya nne asubuhi mama akafungua macho na kuuliza ni nani anayemwagilia kahawa yake. Nilicheka na kulia pamoja. Ile harufu ilikuwa imetoka. Daktari alikuja na kadi ya mama mkononi, akasimama miguuni pa kitanda, akaniuliza kwa Kiingereza, kwa upole wake ule ule, kwa nini mgonjwa aliacha dawa.

Nikamtafsiria mama. Akajiinua kwenye mto kadiri alivyoweza.

"Mwambie sikuacha, *waitu*," akasema. *Waitu* ni neno la heshima, na alilitamka akimtazama daktari, siyo mimi. "Hata siku moja. Mwambie mwanangu alinielekeza vizuri sana."

Daktari alikuwa anangoja. Muuguzi naye alikuwa pale, yule yule niliyemwambia akae, nitatafsiri mwenyewe. Niliogopa. Niliogopa atakavyonitazama, niliogopa habari zitafika shuleni kwamba mwalimu alikaribia kumuua mama yake kwa kutafsiri, na niliogopa zaidi ya yote kwamba mama ataelewa.

Nikamwambia daktari, kwa Kiingereza safi, kwamba mama aliogopa sindano.

Akatikisa kichwa, akaandika kwenye kadi, akapigia mstari alichoandika. Mama akamtabasamia. Akaniambia nimshukuru, nikamshukuru.

Mama aliishi miaka kumi na mmoja baada ya hapo. Alichomwa kila asubuhi ya Mungu, na uwatu na mdalasini akaendelea navyo pembeni, na hakukosa sindano hata moja. Najua kwa sababu alihamia kwangu na nilimchoma mimi. Kila mwezi tulikwenda hospitali, kila mwezi muuguzi, awe mpya au wa zamani, alifungua ile kadi, akasoma, akamwinulia kidole. Bibi, wewe mbishi. Bibi, acha woga wa sindano, kila siku tunakuambia. Wengine walikuwa wadogo kuliko wanafunzi wangu. Mama aliitikia ndiyo, ndiyo, akiinamisha kichwa.

Siku moja tunarudi kwa miguu, tumekaribia nyumbani, akasimama apumzike, akashika mkono wangu.

"Mwanangu," akasema, "wewe umesoma. Mimi niliwakosea nini hawa watu?"

Nikamwambia wauguzi ndivyo walivyo, asiwajali. Akakubali, tukaendelea kutembea.