Mukeke Aliyekuja Ubatizoni

Ndagala, dagaa wa ziwa letu, wakianikwa mchangani, harufu yao haibishi hodi. Iliingia kwenye nguo zetu, kwenye godoro, hadi kwenye mkate wa asubuhi. Darasani waliniita Sardini, nami niliitika kwa heshima zote, maana harufu ile ndiyo iliyoninunulia viatu. Kwa hiyo mwaka ule Ziwa Tanganyika lilipofungwa ili samaki wazaane, kitu cha kwanza kilichonitisha kilikuwa hewa safi.

Nilikuwa na miaka tisa. Parrain, baba yangu wa ubatizo, ndiye aliyekuwa mkuu wa mwalo wetu, pale mitumbwi inapotua. Alipanda juu ya kreti ya bia akaapa kwamba hata zile boti kubwa za injini, zinazochota hadi vitoto vya samaki, zitalala. Kisha, kwa desturi ya mwalo, kila mvuvi alimkabidhi makasia yake, yawe rehani ya neno lake. Wajanja walificha moja uvunguni. Baba alipeleka yote, pamoja na lile la akiba. Basi tukala maharage na lengalenga, mchicha wa kwetu. Jumapili, kwa ajili ya sikukuu, tukala lengalenga na maharage. Baba akasema subira huvuta heri. Nikauliza kama huvuta na mchuzi. Nililambwa kofi ambalo bado nalikumbuka kwa jina.

Katikati ya msimu huo Parrain akatualika kwake Nyakabiga, anabatiza kitinda mimba wake. Sinia zikaja, na juu yake mukeke, samaki watamu kuliko wote ziwani, wanene, wa kuchoma, bado wanatoa jasho.

“Parrain,” nikasema, “huyu hakuambiwa kama ziwa limefungwa?”

Wageni walicheka, yeye kuwashinda wote. “We mutoto, kula! Ni ya zamani hiyo, ilikuwa ku frigo.”

Hapo mke wake akatoka jikoni na sinia nyingine, mama wa watu, hajui lolote. “Muongezee baba yake Sardini! Iko mingi, kapiteni wa boti kubwa ametuletea asubuhi hii.”

Baba alinawa mikono, ingawa hakuwa amegusa kitu. Akauliza polepole, “Na makasia yetu, ndugu yangu?”

“Apana, sheria ni sheria,” Parrain akajibu, akichambua mwiba. “Mungoje lifunguliwe.”

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Chetu kilivaa suti na tai.

Lilipofunguliwa, wavu wa baba ulipanda na maji na mifuko ya plastiki. Alivumilia misimu miwili, akauza mtumbwi. Sasa mimi niko sekondari, Parrain bado anahutubia mwaloni, na baba analinda geti la villa moja kule Kiriri. Pale juu ziwa linaonekana lote, mpaka milima ya Kongo. Wageni husimamisha magari wapige picha. Juzi nilimpelekea chakula, nikiwa na mzaha wangu mpya mdomoni. Nikaumeza. Baba alikuwa amegeuza kiti chake, anatazama ukuta.