Herufi za Uso wa Bibi

Kitangari hakuna asiyezijua herufi za Kasiani, fundi wa mabango. Ni nene, nyeusi, zenye kona kali kama panga lililotoka kunolewa. Ukiwa kwenye bodaboda unazisoma kabla hujalifikia duka. Alizitoa usoni mwa bibi yake Anastasia, kwenye zile chale za pembepembe alizochanjwa enzi za usichana wake.

Abrahamu mwenye bucha alipofiwa na mwanawe kwa malaria, akatafuta wa kumtupia lawama, akamwona bibi Anastasia. Mchana kweupe akamvamia Kasiani, yeye na wenzake wawili.

"Kaandike MCHAWI kwenye ukuta wa bibi yako. Herufi zako watu wanaziamini."

"Kaandike mwenyewe, mshenzi wewe!"

Wakambwaga chini, wawili wakamkalia. Abrahamu akauweka mkono wa kulia wa Kasiani juu ya jiwe, akauponda kwa mpini wa jembe mpaka mfupa ukatokeza.

"Kesho tunakuja kwa bibi yako na petroli," akasema.

Alfajiri Kasiani alikuwa ukutani kwa bibi, mkono umefungwa khanga iliyolowa damu, brashi mkono wa kushoto, akitukana kila mstari uliopinda. Bibi alimshikia kopo la rangi.

Jua lilipotoka watatu wale walifika na madumu yao, wakakuta barabara imejaa watu wanasoma. Ukutani palikuwa na majina yao matatu, kila moja na la baba yake, na chini yake: WANAKUJA LEO KUMCHOMA BIBI.

Abrahamu ndiye aliyetangulia kuficha dumu nyuma ya mgongo.