Kiraka Alichokataa Kuweka

Wiki iliyopita nilipigiwa simu na mchapishaji mmoja wa Sinza. Hata salamu hakutoa. "Braza, yule dada msumbufu wa mabango ametutoka. Presha." Akaongeza, kwa sauti ya mtu anayedhani anatania kwa upole, kwamba sasa mafundi wa printa watapumua. Nikakata simu. Tangu siku hiyo nina hasira, na nyie mnaonisoma kila wiki mnajua kwamba mie nikikasirika siwezi kuandika habari nyingine. Yule dada hakuwa ndugu yangu, wala hatukuwa watu wa kutembeleana. Alikuwa mbunifu wa mabango na kadi, mwenye kachumba kake nyuma ya gesti moja, na kadi za harusi za ukoo wetu karibu zote alizitengeneza yeye. Tuligombana kwa kila kadi.

Nilikuwepo kwake siku alipoingia mama mmoja wa Temeke, akiwa na kaka yake. Mama yule alikuwa amefiwa na kijana wake. Gari la kupeleka mwili mkoani lilikuwa linaondoka mchana uleule, na walitaka bango la kufunga mbele ya gari. Bango lilikuwa limeshachorwa na mpwa wao kwa programu yake ya kompyuta, wao wamelileta kwenye flashi lichapwe tu. Mbunifu akalifungua kwa programu aliyokuwa anaitumia yeye. Lahaula! Picha ya kijana, iliyotakiwa kuyeyuka taratibu kwenye anga la buluu, ilikuwa imefungiwa ndani ya boksi jeupe, na kivuli cha chini ya jina lake kimegeuka donge jeusi. Wenye kazi zao wanaijua vizuri ishu hii. Zile sehemu nyepesi za mchoro, zinazoruhusu cha nyuma kuonekana, programu moja inazielewa, nyingine inaziona kama kitu kizima. Mpwa akapigiwa simu. "Mbona kwangu iko poa?" akajibu. Wote hujibu hivyo.

Fundi wa printa, aliyekuwa pembeni akisubiri kuchapa, hakuona tatizo. "Sista, bandika kiraka cha buluu juu ya huo weupe, tuchape. Watu wako msibani wanalia, nani ataangalia?" Mjomba mtu naye akadakia kwamba afanye hivyo hivyo, gari linasubiri. Mama mfiwa alikuwa ameinamisha kichwa tu, yuko tayari kupokea chochote atakachopewa. Hapo mbunifu akawaka. "Nani ataangalia? Mama yake ataangalia! Bango hili litakaa ukutani kwake miaka yote. Kiraka kwenye kioo cha kompyuta hukioni, ila kikitoka kwenye printa buluu yake hailingani na ya pembeni, kinaonekana kama kiraka cha suruali. Mie siweki." Mjomba akapandisha sauti, akauliza yeye ni nani hata awacheleweshee maziko. Dada wa watu akainuka. "Shikamoo baba. Nakuheshimu, ila kaa hapo kwenye benchi. Mwanetu haendi kuzikwa akiwa ndani ya boksi."

Njia ya mkato ilikuwepo. Angemwambia mpwa agandishe bango zima liwe picha moja, kama wafanyavyo wengi, nalo lingefunguka popote. Lakini herufi zingepoteza ukali, na jina likigundulika lina kosa, hakuna wa kulirekebisha. Hilo nalo alilikataa. Alimpigia mpwa tena, akamwamuru, wala hakumbembeleza, agandishe picha ya kijana pamoja na anga la nyuma yake tu, kwa ubora wa juu, kisha majina na kivuli ayapandishe juu ya kila kitu, kivuli kiwe cha rangi kamili isiyopenyeza. Mpwa akabisha. Mtandao ukazingua. Fundi akasonya. Faili lilipofika, dada akachapa kwanza kipande kidogo chenye uso, akakitoa nje juani, akamwita mama. "Njoo umtazame. Ndiye?" Mama alitazama kwa muda mrefu. "Ndiye," akasema, na hapo ndipo kilio kikamtoka. Gari liliondoka limechelewa na mjomba hakuaga.

Sasa niambieni, kosa lake liko wapi? Mji wetu umezoea kiraka. Ukuta una unyevu, unapakwa rangi. Mshono umekwenda upande, unafichwa kwa lesi. Sie waandishi nasi tunajaza aya ili ukurasa uonekane umeshiba. Ukiuliza unaambiwa itapita tu, mteja hajui. Hajui nini? Mteja ana macho, isipokuwa tumemchosha mpaka ameacha kulalamika. Na akitokea mmoja wa kukataa, tunamwita msumbufu. Akiwa mwanamke ndiyo kabisa, anaitwa mkorofi, ana gubu, hana adabu kwa wakubwa. Nakataa! Mwenye kukosa adabu ni yule anayemdhulumu mfiwa kwa sababu mfiwa hana nguvu ya kubisha siku ile.

Tulimzika Ukonga juzi. Wakati wa salamu za rambirambi akasimama msemaji wa wachapishaji, mtu mzima, suti nyeusi, akasema, "Dada yetu alikuwa na mdomo, tulikwazana naye sana kazini. Tunaomba wote tumsamehe." Watu wakaitikia amina. Mie sikuitikia. Nilibana mdomo kwa ajili ya wanawe waliokuwa wamekaa mbele, maana msiba ulikuwa wao. Hapa ukurasani sibani. Mtu akikuletea uso wa mtoto wake umtengenezee, mtengenezee sawasawa, hata kama dunia nzima inakupigia honi nje. Na huo msamaha mliomwombea dada yule, wazee wangu, rudini nao nyumbani. Hakuwakosea kitu.