Mfuniko wa Bikizee

Shemeji yangu wanamwita Chujio, na jina hilo alilitolea jasho. Hakuna dizeli iliyoingia katika gari lake bila kupita kwanza kwenye kipande cha shuka. Akitoka kituo cha mafuta na madumu yake, hulitandika shuka juu ya faneli, humimina taratibu, kisha hulinyanyua na kulikagua juani kama mtu anayetafuta chawa. Akiona punje moja ya mchanga, siku yake imekuwa njema, maana si alisema? Watu humcheka, naye huwaonyesha maneno aliyoyachora nyuma ya bodi kwa rangi nyekundu: KINGA NI BORA KULIKO TIBA.

Gari lenyewe tunaliita Bikizee. Ni lori fupi la zamani la kupanda milima, magurudumu yote manne yanavuta, na mlango wa abiria unafungwa kwa kamba. Limebeba mawe ya machimbo, magunia, maharusi na maiti, na limenizidi umri. Zamani lilimzimikia katikati ya mto kwa sababu ya dizeli chafu, maji yakapanda mpaka kwenye kiti, na tangu hapo yeye na uchafu ni paka na panya. Dada yangu, mkewe, alikuwa akisema kwamba akiolewa tena atatafuta mwanamume anayeogopa vitu vya maana, kama simba.

Siku chache kabla ya mkasa, shemeji alipata wazo jipya. Mfuniko wa tangi la Bikizee una kitundu kidogo juu, na yeye aliamini kwamba vumbi la barabara linapenyea hapo. Akakata duara kutoka kwenye tyubu kuukuu, akalibandika ndani ya mfuniko kwa gundi, akaufunga na kuukaza kwa mikono miwili. Akatuita tuje kuona. Nilimwambia kilichobaki ni kumvalisha Bikizee barakoa. Alicheka, akasema iko siku nitamshukuru. Siku zilizofuata alikwenda sokoni na kurudi, mwendo mfupi tu, tangi likiwa nusu, na gari halikumletea shida yoyote.

Aliyeumwa ni dada. Alikuwa akiinua mabati ya zamani nyuma ya jiko, asubuhi, na chini yake alikuwa amelala kifutu. Alimuuma juu kidogo ya kifundo cha mguu. Dada hakupiga kelele. Aliniita kwa jina la utotoni, ambalo halitumii siku hizi isipokuwa ana jambo, nikatoka mbio na unga mikononi.

Muuguzi wa zahanati yetu alisema dawa ya sumu ya nyoka hana na hajawahi kuwa nayo. Iko hospitali kuu, upande wa pili wa mlima. Alipiga simu huko, akaambiwa gari la wagonjwa limeshatoka na halijulikani litarudi lini. Akatukataza kuufunga mguu kwa kamba, akatukataza kuchanja, akasema mgonjwa alazwe, mguu usitikisike, na tuondoke hapo hapo. "Dawa mtaikuta," alisema, "lakini sumu haiwangojei."

Tulitandika godoro nyuma ya Bikizee. Nikakaa chini, mguu wa dada mapajani mwangu. Nilidhani nitasikia injini ikiunguruma. Badala yake nikasikia dizeli ikimiminwa. Nikachungulia ubavuni mwa gari, na nakuapia, yule mtu alikuwa anachuja. Mkewe ameumwa na nyoka, yeye ameshika shuka na faneli, anamimina tone kwa tone, machozi yanamtoka. Nilimpigia kelele. Akanijibu bila kuinua kichwa kwamba gari likizima mlimani kwa uchafu, nani atatusaidia? Akalijaza tangi hadi mdomoni, akaukaza mfuniko wake mpya, akawasha.

Mwanzoni lilikwenda vizuri. Tulipita machimbo, tukapita daraja, tukaanza kupanda. Mguu wa dada ulikuwa umevimba mpaka karibu na goti, ngozi imekazwa inang'aa, na pale palipoumwa pamekuwa rangi ya zambarau. Nilikuwa namsimulia habari za watu wa mtaani, hasa zile chafu, kwa sababu ndizo anazozipenda. Alitabasamu mara moja. Kisha injini ikaanza kukohoa, ikapoteza nguvu, ikajivuta kidogo, ikazima.

Shemeji alikuwa ameshafungua boneti kabla gari halijatulia. Alilegeza skrubu ya kutolea hewa juu ya filta, akaanza kubonyeza pampu ya mkono. Nilimsikia akishangaa peke yake: pampu ilikuwa ngumu, ukiibonyeza inabaki ndani, hairudi. Akasema bomba limeziba. Akalichomoa bomba linalotoka kwenye tangi, akaliweka mdomoni, akapuliza kwa nguvu zake zote mpaka dizeli ndani ya tangi ikabubujika. Akatema, akafunga, akatoa hewa, akawasha. Likawaka. Alikuja nyuma, mdomo unang'aa mafuta, akasema kwa furaha kwamba ulikuwa uchafu na sasa umetoka.

Hatukufika mbali. Likakohoa tena, likazima. Safari hii alifungua filta yenyewe, akamwaga dizeli yake kwenye kiganja na kuitazama. Ilikuwa safi kama maji ya kunywa. Akaisugua kwa kidole akitafuta mchanga, hakuna. Akanusa, hakuna. Nilimwona akichanganyikiwa. Uchafu ndio ugonjwa pekee alioujua, na sasa alikuwa anautafuta kama mtu aliyepoteza ufunguo na kurudia kutazama mfuko ule ule. Akapuliza bomba, dizeli ikabubujika, gari likawaka.

Tulikwenda, tukazima. Tulipuliza, tukaenda, tukazima. Simu haikuwa na mtandao kule juu, nilikuwa nimeinua yangu mpaka mkono ukafa ganzi. Mwendesha pikipiki mmoja alisimama, akamtazama dada, akasema yuko tayari kumbeba. Tulijaribu kumketisha. Kichwa chake kiliangukia begani kwangu, akatapika, nikaona damu kwenye fizi zake. Angeanguka kwenye kona ya kwanza. Mwenye pikipiki akasema atatangulia akawaambie hospitali, akaondoka, na mlima ukarudi kuwa kimya.

Hapo ndipo maji yaliponifika shingoni. Nilimtukana shemeji. Nilimwambia gari lake ni jeneza, na yeye ni fundi wa mdomo, na kwamba dada alipata wachumba wenye magari ya maana akawakataa kwa ajili yake. Nilisema yote. Alikuwa amesimama kando ya tairi, midomo imebabuka kwa dizeli, anamtazama mkewe tu. Dada ndiye aliyejibu, bila kufumbua macho.

"Mwambie asinitazame mimi. Atazame gari."

Shemeji akageuka. Akaanza kusema kwa sauti, kama mwanafunzi anayerudia somo. Filta nzuri. Pampu nzuri, maana ikiwaka inavuta vizuri. Bomba zuri, maana likipulizwa dizeli inapita. Labda tangi linavuja, labda dizeli imekwisha. Akachukua kijiti akapime, akaushika mfuniko aufungue.

Haukufunguka. Akautia mikono miwili, akajikaza mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Ulipolegea, tangi lilivuta hewa. Nakwambia, lilivuta kwa mlio mrefu mwembamba, fyuuuu, nikausikia kule nyuma nilikokaa, na ukaendelea kwa muda ambao ningeweza kusoma dua. Kisha bati la tangi likagonga, likirudi mahali pake.

Shemeji alibaki na mfuniko mkononi. Sikuwa fundi, wala mimi si fundi hata leo, lakini nilielewa. Dizeli ilikuwa ikitoka na hewa haikupata pa kuingia. Kitundu kile kilikuwa na kazi, na yeye alikiziba. Siku za sokoni tangi lilikuwa nusu, hewa iliyokuwemo ikautosha mwendo mfupi; leo alikuwa amelijaza hadi mdomoni. Kila alipolichomoa bomba na kupuliza, hakuwa akisafisha kitu. Alikuwa akilipa tangi pumzi kidogo ya kinywa chake, na gari likatembea kwa pumzi hiyo mpaka ikaisha. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walimwona shemeji yangu toka mbali.

Alijaribu kuubandua mpira kwa kucha. Gundi ilishika, maana kazi yake huwa haifanyi nusu. Aliung'ata kwa meno. Ukakataa. Na hapo, sijui ni mazoea, sijui ni akili kuruka, mkono wake ukaanza kuurudisha mfuniko kwenye tangi. Nilishuka nikaupokonya, nikautupa bondeni kwa nguvu nilizokuwa nimeziweka kumpigia yeye.

"Vumbi," alisema.

"Liingie."

Alinitazama. Sidhani kama kuna neno gumu zaidi ambalo mtu amewahi kumwambia. Kisha akavua shati, akalikunja, akaliweka kwenye mdomo wa tangi bila kulikaza, akapanda kifua wazi na kuwasha gari.

Bikizee halikuzima tena. Lilipanda mlima ule likinguruma kama lililosahau uzee wake, likavuka kileleni, likateremka. Vumbi lilikuwa jekundu na zito, lilitufunika sote, na shati lile lilibadilika rangi mbele ya macho yangu. Shemeji hakuligeukia hata mara moja. Yeye ambaye hufunga kioo akiona mbuzi anakimbia barabarani, alilipitisha gari kwenye kila wingu la vumbi bila kupunguza mwendo. Nami nilikuwa nimemshika dada kichwa na mguu, nikimwomba Mungu kwa maneno mabaya, yale niliyomaliza kumwambia shemeji. Dada alikuwa ameacha kunijibu. Nilikuwa naweka mkono karibu na pua yake, nikisikia pumzi naondoa, kisha nasahau kwamba nilisikia na kuweka tena.

Hospitalini walikuwa wanatungoja mlangoni. Yule mwenye pikipiki alikuwa ametimiza ahadi. Shemeji alimbeba mkewe mwenyewe, kifua wazi, mwili mzima mwekundu kwa vumbi, na mlinzi aliyetaka kumzuia alimtazama usoni akampisha. Dawa ilikuwepo. Waliingia naye, mlango ukafungwa, tukabaki kwenye benchi. Mlinzi yule yule alikuja baadaye na shati lake la akiba, akamwekea mabegani.

Daktari aliyetuita siku ya tatu alikuwa mwanamke wa makamo mwenye sauti ya uchovu. Alitupa habari zote kwa pamoja, na namshukuru kwa hilo. Dada atapona. Damu imeanza kukaa sawa. Ila nyama ya mguu imeoza kuanzia chini, na wasipoukata chini ya goti, sumu ya uozo itammaliza. Nililia nikiwa nimesimama. Shemeji hakulia. Aliuliza swali moja tu, kwa heshima, kama anauliza njia: tungefika mapema kidogo, mguu ungepona?

Daktari hakujua habari za mfuniko. Angejua, nadhani angemdanganya. "Mapema kidogo tu," alisema, "labda ndiyo."

Shemeji akashukuru. Akatoka nje, akaenda kukaa chini kando ya Bikizee, na hapo akabaki. Siku ya upasuaji alikuwa hapo. Dada alipozinduka na kuomba maji, alikuwa hapo. Nilimpelekea chakula, nikakikuta hakijaguswa. Nilimpelekea maneno mazuri, maana yale mabaya nilikuwa nimeyamaliza, nayo hayakuguswa. Alikuwa amelitoa shati lake kwenye tangi, amelitandaza magotini, anaokota punje za mchanga moja moja na kuzirundika pembeni. Nilimwambia dada anamuulizia. Akasema aende na uso gani.

Nilirudi wodini nikamweleza dada. Nilimweleza na ya mfuniko, nikidhani hajui. Alikuwa anajua. Alisema alilisikia tangi likivuta, na kabla ya hapo alinisikia na mimi nikitukana, hasa pale pa wachumba wenye magari, ambapo niliongeza chumvi. Kisha akaniambia nikamlete mumewe, na akikataa nimwambie kwamba yeye hawezi kumfuata.

Neno hilo ndilo lililomnyanyua. Aliingia wodini akiwa na shati la mlinzi, fupi mikononi, akasimama mbali na kitanda kama mgeni. Alikuwa na hotuba, niliona midomo ikiipanga. Chumba kilikuwa kimejaa, viti vyote vimekaliwa na ndugu za wagonjwa wengine, akawa anatazama huku na huku pa kujiweka. Macho yake yakafika mwisho wa kitanda, upande mmoja, pale ambapo shuka lilikuwa limelala bapa. Akayaondoa haraka.

Dada alimwona. Alijiinua, akanyoosha mkono, akapapiga pale pale.

"Njoo ukae hapa," alimwambia. "Nafasi ipo."