Kiti cha Rannvá

Saa mbili kasorobo asubuhi, Marjun Dalsgarð anapanga vitabu kwenye meza tatu za shule yake ya chumba kimoja, katika kijiji kidogo cha Visiwa vya Faroe. Wanafunzi ni tisa, mwalimu ni yeye peke yake, na huu ni mwaka wake wa ishirini na sita.

Wadogo hukaa meza ya mlangoni, wakubwa ya dirishani. Kila Agosti, anayepanda darasa hubeba kiti chake mwenyewe hadi meza inayofuata.

“Hapa hakuna siri,” anasema Marjun akicheka. “Wa mlangoni anasikia hesabu za dirishani miaka minne kabla hajafundishwa. Siku nyingine anawajibia!”

Lakini Rannvá, mwenye miaka minane, alimnyima raha. Miaka miwili mlangoni, na akiwekewa kitabu anakodoa macho tu. Mwezi uliopita, roho ikimuuma, Marjun alimwandikia mama yake barua: kiti cha mtoto kibaki mlangoni mwaka mmoja zaidi.

Kabla hajaikunja, Rannvá akaja kuomba kichongeo, akasimama ng’ambo ya meza.

“Marjun, kwa nini kiti changu kibaki?”

“Nani kakwambia?”

“Si umeandika hapo!”

Kutoka aliposimama mtoto, barua ilikuwa kichwa chini. Marjun alichukua kitabu cha kusomea, akakigeuza juu chini, akamsogezea. Rannvá akasoma ukurasa mzima bila kukwama, kisha akauliza kama anaweza kwenda kula mkate wake.

Mlangoni, kitabu ni kimoja kwa watoto wawili. Muda wote huo kilikaa mbele ya pacha wake, Bárður, naye Rannvá ameketi akimkabili. Alijifunza kusoma maneno yakiwa kichwa chini.

“Huyu alikuwa hataki kunisogezea,” anashtaki.

“Mwongo! Uliomba lini?” Bárður anamrukia.

“Na mimi nilipokupa, mbona hukukigeuza?” anauliza Marjun.

“Wewe ndiye uliyekiweka hivyo.”

Marjun anatikisa kichwa. “Hakuna aliyemfundisha. Mimi mwenyewe nimejaribu usomaji huo, umenishinda. Namtazama mtoto huyu nashangaa hadi leo.”

Barua ameichana. “Miaka yote hii nimekaa mbele yao,” anasema. “Agosti nitaanza kukaa ubavuni mwao, nione wanachokiona.”

Rannvá keshajaribu kukibeba kiti chake, kutoka mlangoni hadi meza ya kati na kurudi. Anasema ni chepesi.