Neno Nililoipa Barabara ya Lwiro

Mwanangu, nakumbuka siku moja kuliko ninavyoikumbuka siku ya ndoa yangu: Jumatatu, tarehe 1 Februari 1999, vita vikiwa katika mwezi wake wa sita. Nilikuwa na miaka ishirini na saba, na darasa la kwanza nililiingia nikiwa na kumi na minne. Aliyechelewa kusoma hupenda mno kuonekana amesoma. Ugonjwa huo ulikuwa wangu.

Kila alasiri nilijifunza Kiingereza katika ukumbi wa parokia, hapa Ibanda, hata shirika moja la misaada likanichukua kwa majaribio niwe mkalimani. Mume wangu alikuwa dereva wao. Juma lililotangulia tulikuwa tumefundishwa neno safe, yaani salama. Mwalimu alituonya kwamba ni jepesi kinywani, lakini anayelitamka humwahidi mwenzake jambo. Kwa hiyo tujiulize kwanza, salama kwa nani, na mpaka lini? Niliyaandika hayo kwa mwandiko mzuri, nikafunga daftari.

Asubuhi ile mkubwa wetu, mgeni asiyejua Kifaransa wala Kiswahili, alitaka kujua kama gari la dawa lingeweza kwenda Lwiro. Desturi ya wakati ule ilikuwa kuwauliza akina mama waliobeba makaa kutoka upande huo, kwa maana wao ndio walioiona njia. Nikamsimamisha mmoja, mzee, kamba ya mzigo ingali kwenye paji la uso wake.

« Mama, njia iko namna gani? »

« Siye tulipita. »

« Iko salama ao hapana? »

« Maman, nakuambia tulipita. Jana mangaribi. »

Mume wangu, aliyekuwa akipangusa kioo cha gari, akacheka: « Maman Furaha, Kingereza yako imekwama? Muzungu anangoja! »

Watu wakanitazama. Niliona haya kumpelekea mkubwa jibu dogo kama lile, jibu la wanawake wa makaa. Nikamgeukia, nikasema kwa sauti iliyonyooka kwamba barabara ni safe. Akanisifu. Mume wangu akawasha gari.

Gari lilikutwa siku ya tatu, limeteketea, karibu na Lwiro. Yeye hakuonekana, wala mwili wake, hadi leo.

Nilimtafuta yule mzee sokoni, nikalia mbele yake, nadhani nikitumaini atabeba nusu ya lawama. Alinijibu bila ukali: « Mwanangu, nilikuambia nilipita. Sikukuambia mutu apite. »

Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Padri aliniambia kwamba walioua ni wenye bunduki, si neno langu. Nilimsikiliza kwa heshima, nikarudi nyumbani, na nyumba ilikuwa vilevile. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Basi, mwanangu, ukiulizwa, sema ulichokiona na saa uliyokiona, kisha ukome hapo, hata wakikudhania mjinga. Ukiwa hujui, sema hujui, kwa Kiswahili, kwa Kifaransa, kwa lugha yoyote watakayokulipia. Usiweke maisha ya mtu chini ya neno ulilolitamka ili usifiwe.

Mungu aulinde ulimi wako. Mimi hakunirudishia mume wangu. Wewe akurudishie kila utakayemuaga asubuhi.