Meno ya Mama kwenye Picha za Wageni

Mtengeneza meno ya bandia alikuwa amejilaza kwenye kochi Jumapili mchana, simu mkononi, akitafuta hoteli kisiwani. Likizo hii yeye na mumewe walikuwa wameipiga danadana tangu wazae. Walichotaka hakikuwa kikubwa: maji maangavu, miwani ya maji na mrija wa kupumulia, waangalie samaki mpaka wachoke.

Hoteli za matajiri walizipita kama hawakuziona. Za bei rahisi, moja ilikuwa na kunguni, nyingine matumbawe yalikuwa mbali mpaka ukodi boti. Ikabaki moja ya kati na kati. Vyumba vyake vilikuwa vya kawaida tu, vya feni, lakini ngazi zilishuka moja kwa moja majini.

"Angalia picha za wageni," alisema mumewe, fundi friji, akichungulia begani kwake. "Zile za wenye hoteli zimepambwa."

Akazifungua. Paka juu ya meza. Bafu. Kisha mwanamke mtu mzima amekaa kwenye ngazi, maji kiunoni, miwani ya maji imemfunika nusu ya uso, anacheka kinywa wazi. Begani kwake kuna mkono wa mwanamume aliyekatwa na ukingo wa picha.

Kidole cha mtengeneza meno kikaganda. Akaivuta picha ikawa kubwa. Sura za watu aliweza kuzisahau, kazi ya mikono yake hapana, na meno yale aliyatengeneza yeye. Jino la kushoto lilikuwa limelalia mwenzake kidogo, kwa sababu mwenye meno alikataa yapangwe kama ukuta. Alitaka yafanane na yale yaliyomwota utotoni.

"Huyu ni mama," alisema.

"Mama nani?"

"Mama yangu mimi."

Mumewe akacheka. "Mama anayeogopa hata beseni?"

Lakini yeye hakucheka. Mama yake, karani mstaafu wa posta, aliwalea kwa kuwakataza mto, bwawa na bahari. Kila mwaka aliaga kwenda kwa mama mdogo kutibiwa magoti, akarudi ameungua na jua, nao wakampa pole.

Jioni ile ile alikwenda kwa mama, akamkuta anapiga pasi shuka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona unahema hivyo?"

Akaiweka simu juu ya shuka. Mama akavaa miwani, akatazama kwa utulivu.

"Hapa nilikuwa nimenenepa," alisema.

Mtengeneza meno akatafuta kiti.

"Mama, na magoti?"

"Yakiwa majini hayaumi."

"Na huu mkono?"

"Wa fundi saa."

Fundi saa wa kona, mjane kama mama, ambaye binti alimsalimia kupitia dirisha la duka lake kila asubuhi akienda kazini, na hata siku moja hakuwaza lolote.

"Mama mdogo anajua?"

"Nguo ya kuogelea alinishonea nani?" Mama akageuza shuka. "Mwanzoni huo mrija ulinitesa. Kuuma tu, meno uliyonitengenezea yakachomoka, yakazama. Mwenzangu akapiga mbizi kuyafuata. Alipoibuka nayo, akayasuuza, akanipa huku ametazama pembeni nisione haya. Basi, nikajua huyu ni mtu."

"Lakini sisi ulitukataza maji."

"Sikujua kuogelea, mwanangu. Mngezama, ningemwokoa nani?"

Mtengeneza meno akaitazama tena picha. Alikuwa amekipima kinywa kile kwa mikono yake, kila ufizi, kumbe mwenye kinywa hakumjua.

"Chukueni hiyo hiyo," mama aliendelea. "Ombeni chumba cha chini. Ila wiki ya mwisho wa mwezi msikae, tutakuwepo sisi."

Wakaenda wiki iliyotangulia. Waliangalia samaki mpaka wakachoka kweli. Asubuhi ya kuondoka, walipokuwa gatini na mabegi, boti ilishusha wageni wapya. Mama akashuka amevaa kofia pana, fundi saa nyuma yake amebeba mapezi ya mpira ya kuogelea.

"Shikamoo," mtengeneza meno alimwambia yule mzee, macho yake kwenye mapezi.

"Marahaba, mwanangu," alijibu fundi saa, naye akiangalia viatu vyake.

Mama peke yake ndiye asiyekuwa na wasiwasi. Alitupa jicho kwenye ngazi za hoteli, kisha akamgeukia binti yake.

"Maji yakoje leo?"

"Yametulia," alijibu, na sauti yake aliisikia kama ya mtu mwingine.